Mvua Iliyonyesha Nandi

Vyura ndio waliotupokea Nyamasaria, pembezoni mwa Kisumu. Gari lilipotushusha kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi jua lilikuwa linazama, na kabla hatujapata hata mtu wa kumsalimia tukawasikia, maelfu, pande zote, wengine wakikoroma kwa sauti nzito kama wazee, wengine wakilia kwa sauti nyembamba kama filimbi, wote kwa pamoja bila kupumzika. Bibi yangu aliweka mzigo wake chini, akashika kiuno, akasikiliza. Kwetu Singida vyura walisikika majuma machache tu kwa mwaka, na wakianza kulia watu walitoka nje kutazama mawingu. "Hawa wote wana maji ya kukaa?" aliuliza. Mama alimjibu kwamba ndiyo, huku maji yapo. Bibi akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo asiloweza kulikubali kwa siku moja.

Nilikuwa na miaka tisa. Mjomba wangu alikuwa akinunua vitunguu vijijini Singida na kuvipeleka Kenya kwa lori, na baada ya baba yangu kufariki alimwomba mama ahamie Kisumu, awe anapokea mzigo na kuuza sokoni. Kwa hiyo tulivuka mpaka tukiwa watatu: mama, bibi mzaa mama, na mimi, binti yao wa pekee. Tulipanga nyumba ya vyumba viwili yenye kuta za udongo zilizopakwa saruji na paa la mabati, mwendo mfupi kutoka lami. Chumba cha mbele kilikuwa cha vitunguu. Magunia yalipangwa sakafuni hadi karibu na dirisha, na sisi tulilala chumba cha nyuma. Harufu ile iliingia katika nguo zetu, katika daftari zangu, hata katika chai. Shuleni, mtoto aliyeketi nami dawati moja alisogea pembeni wiki nzima ya kwanza, kisha akazoea.

Mama alikuwa na sheria zake. "Sisi ni wageni hapa," aliniambia siku ya kwanza. "Usiingie nyumba za watu, usile kwa watu, usiseme mambo yetu." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mjane katika nchi ya watu, na aliona kwamba heshima yake ilikuwa katika kutomsumbua mtu yeyote. Lakini mtaa wenyewe haukuijua sheria hiyo. Jirani yetu wa upande wa kulia, Mama Achieng, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kufika barabarani, hakuwahi kupiga hodi hata mara moja. Aliingia tu, akakaa, akaanza kuzungumza. Mama alikuwa akishtuka kila mara, akifunga kanga yake vizuri, akimkaribisha mtu ambaye tayari alikuwa ameshakaa. Mimi nami nilikuwa na adabu zangu zilizowachekesha watu. Nilipomwamkia Mama Achieng "Shikamoo," alinitazama mikono yake yote miwili ikiwa imejaa kuni, akaniuliza, "Nishike nini tena?" Siku nyingine alinituma mtungi, nikazunguka nyumba yake nikitafuta chungu cha udongo, hadi binti yake Achieng, aliyekuwa rika langu, akanionyesha dumu la plastiki la manjano lililokuwa mbele ya pua yangu. Tangu siku hiyo Achieng akawa mwalimu wangu. Alinifundisha kwamba maji kwa Kijaluo ni *pi*, ziwa ni *nam*, na kwamba mimi jina langu sasa lilikuwa Nyar Singida, binti wa Singida, nitake nisitake.

Jumapili ya pili, baada ya ibada, mama alitupeleka kuliona ziwa. Nilikuwa nimeambiwa kuhusu ziwa darasani, na kichwani mwangu nilikuwa nimechora bwawa kubwa, labda mara tatu ya lile la kunyweshea ng'ombe kijijini kwetu. Tulipita kati ya vibanda vya samaki wa kukaanga, tukatokea upande wa pili, na ghafla hapakuwa na kitu kingine mbele yetu. Maji yaliondoka miguuni petu yakaenda, yakaenda, hadi yakashikana na mbingu mahali nisipoweza kupaona. Palikuwa na visiwa vya magugu ya kijani vikielea polepole, na ndege weupe wamesimama juu yake kama abiria. Nilimshika bibi mkono. Bibi alikuwa amevua kandambili zake. Alisimama pekupeku kwenye tope kama watu wanavyosimama mlangoni mwa nyumba ya mkubwa. Mwanamke yule alikuwa ameamka alfajiri maisha yake yote kwenda kuchimba mchanga wa mto mkavu kwa kata, akisubiri shimo lijae kikombe kimoja kimoja. Hatimaye aliuliza kwa sauti ya chini, "Mwenyewe ni nani?"

Kisha akaona malori. Pale ufukweni vijana walikuwa wameyaingiza malori na magari madogo hadi magurudumu yamezama, na walikuwa wakiyaosha, wakichota ndoo baada ya ndoo na kuyamwagia. Bibi alimfuata mmoja wao, mama akimvuta kanga bila mafanikio. "Mwanangu," alisema, "maji haya unaoshea gari?" Kijana alidhani anauliza bei. Alipoelewa alicheka kwa upole, akachota ndoo nyingine, akamwagia kioo. "Mathe, hii maji haiishi," alimwambia. "Ni ya Mungu." Njia nzima ya kurudi bibi alikuwa akirudia maneno hayo kana kwamba anayapima uzito. Haiishi. Haiishi.

Mvua za masika zilipoanza, ndipo tulipojulikana mtaa mzima. Mvua ya Kisumu haikuwa kama yetu. Asubuhi ilikuwa na jua kali, adhuhuri mbingu ilianza kunguruma juu ya ziwa, na ilipofika saa kumi alasiri radi zilikuwa zikipasua anga vipande vipande na maji yakishuka kwa kishindo ambacho hata ukipiga kelele ndani ya nyumba mwenzako hasikii. Niliitazama mlangoni kila siku na kila siku nilishangaa upya. Bibi hakukaa kutazama. Alitoa nje kila kitu chenye uwazi: ndoo, mabeseni, sufuria, vikombe vya chai, hata kifuniko cha chupa ya chai. Kilichojaa kilimiminwa ndani ya madumu, madumu yakapangwa ukutani chini ya kitanda, na yeye akarudi nje, ameloa mwili mzima, akicheka peke yake. Hakuweza kuvumilia kuona maji yakipita mlangoni na kwenda zake. Mama Achieng alisimama barazani kwake na wanawake wengine, wakimwangalia na kucheka. "Dani," alimwita, maana mtaa wote sasa ulimwita hivyo, yaani bibi, "unateka mvua ya nini? Bado kidogo utaomba iende kwao." Bibi alimpungia kikombe.

Jambo moja lilitupita. Karibu na Pasaka niliona majirani wakiinua vitanda vyao juu ya matofali, matatu matatu kila mguu. Kwa Achieng waliinua kitanda, meza na kabati la vyombo, na kuku wakatengenezewa kichanja juu kabisa. Nilimwambia mama. Alisema pengine ni kwa sababu ya panya. Angeweza kuuliza, jirani alikuwa hatua kumi tu kutoka mlangoni. Lakini hakutaka kuonekana mtu wa kuulizauliza, na magunia yetu yakabaki sakafuni.

Ilikuwa Jumamosi moja, majuma kadhaa baada ya Pasaka. Mvua haikuwa imenyesha kwetu kwa siku mbili, udongo ulikuwa umeanza kukauka na kupasuka, na nilikuwa nimeanika sare zangu za shule kwenye kamba. Mama alikuwa sokoni mjini. Bibi alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Mara Mama Achieng akaingia, kama kawaida yake bila hodi, lakini safari hii hakukaa.

"Mama yako iko wapi?"

"Sokoni."

"Inua vitu. *Pi biro*. Maji inakuja."

Bibi alitazama juu. Hapakuwa na wingu hata moja. "Mwanangu, jua linawaka," alisema.

"Jua ni ya hapa, Dani. Mvua imenyesha Nandi." Mama Achieng alimshika bibi bega akamgeuza kaskazini. Huko mbali, milima ya Nandi iliyosimama kama ukuta juu ya uwanda ilikuwa imepotea kabisa. Mahali pake palikuwa na weusi mtupu, na ndani ya weusi ule umeme ulikuwa ukiwaka na kuzimika bila sauti. Ndipo nikaelewa: mvua iliyokuwa imewanyeshea watu tusiowajua, katika milima ambayo sijawahi kukanyaga, ilikuwa njiani kuja nyumbani kwetu.

Mama Achieng aliita kwa sauti yake ile ya kufika barabarani, wakaja wanawake wengine wanne, na bila kumuuliza mtu wakaanza kubeba magunia ya vitunguu. Walipandisha mengine mezani, mengine kitandani, mengine wakayabebanisha hadi karibu na mabati. Mimi na Achieng tulibeba vyombo. Kazi ilikuwa bado haijafika nusu niliposikia sauti, kama mtu anayemimina mahindi juu ya bati, mbali sana, na bila kukoma. Nilitoka nje. Maji yalikuwa yakija uwanjani. Hayakuja kama wimbi. Yalikuja kama ulimi mrefu wa kahawia, taratibu, yakipapasa, yakiingia kila shimo na kulijaza kabla ya kuendelea, mbele yake povu na nyasi kavu na mende wengi wakikimbia. Nyuma ya ulimi ule uwanda wote ulikuwa unang'aa. Jua lilikuwa juu yake, na mbingu nzima ya bluu ilikuwa imelala chini pale pale ambapo asubuhi tulikuwa tumecheza. Lazima niseme kweli: sikuogopa. Nilisimama mdomo wazi nikaona ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona, hadi maji yalipofika kwenye vidole vyangu na nikahisi jinsi yalivyokuwa yakivuta.

"Twende kanisani!" Mama Achieng alipaza sauti. Kanisa lilikuwa kwenye mwinuko karibu na lami, na watu walikuwa tayari wakielekea huko na magodoro vichwani. Lakini bibi hakutoka. Tulimkuta chumba cha nyuma amepiga magoti kando ya kitanda, ameyakumbatia madumu yake. Maji yalikuwa yamekwisha kuingia chini ya mlango.

"Siwezi kuyaacha," alisema.

"Dani, maji ndiyo hii inakuja!"

"Hayo si maji. Haya ndiyo maji." Na machozi yalikuwa yakimtoka. "Miezi mitatu nimeyateka. Siwezi kuyaacha maji."

Nilijua bibi yangu. Nilijua hatatoka. Nilianza kulia, nikimvuta mkono, na kwa mara ya kwanza siku ile hofu ikaniingia yote kwa pamoja. Mama Achieng alimtazama kwa muda mfupi. Mtu mwingine angemkaripia, au angembeba kwa nguvu, na alikuwa na nguvu hizo. Yeye aliinama, akachukua dumu moja, lile kubwa la lita ishirini, akajitwika kichwani bila hata kuweka ngata, akageuka na kutoka nalo mlangoni. Bibi alisimama papo hapo. Alifuata maji yake.

Hivyo ndivyo tulivyovuka. Maji yalinifika magotini, kisha kwenye mapaja, na chini yake njia niliyoipita kila siku haikuwepo tena. Achieng alinishika mkono kwa nguvu hadi ukauma. "Usiangalie maji," aliniambia, "angalia kichwa ya mama." Nikaangalia. Lile dumu la manjano lilikuwa likienda mbele yetu, limenyooka, halikuyumba hata kidogo, na nyuma yake bibi yangu, aliyekuwa hajawahi kuingia ndani ya maji zaidi ya kifundo cha mguu maisha yake yote, alikuwa akitembea macho juu kama mtu anayefuata msalaba kwenye maandamano.

Kanisani tulikuta watu wengi, pengine mtaa mzima. Watoto walikuwa wanalia kiu, kwa sababu bomba lilikuwa limezama, na vyoo vya jirani vilikuwa vimefurika ndani ya maji yale yale yaliyotuzunguka. Tulikuwa katikati ya maji mengi kuliko niliyowahi kuyaona tangu ziwani, na hapakuwa na tone la kunywa. Mama Achieng aliweka dumu sakafuni, akajinyoosha shingo, akasema, "Haya, Dani. Sasa ni yako. Gawa." Bibi alimwangalia, akaangalia watoto, akaomba kikombe. Alikaa kwenye benchi la mbele, akamimina mvua yake kidogo kidogo, mtoto mmoja mmoja, kisha wazee, kisha mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha. Hakumwaga hata tone. Wale wanawake waliokuwa wakimcheka barazani walipanga foleni, na kila aliyepokea alimwambia *ero kamano*, asante, na yeye akajibu kwa Kinyaturu, lugha ya kwetu, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Mama alifika jua linakaribia kuzama. Alikuwa ametembea kutoka mjini magari yalipokwama, na sehemu ya mwisho alipita ndani ya maji hadi kiunoni, viatu mkononi, akiliita jina langu. Sikuwahi kumsikia mama akipaza sauti namna ile mbele za watu. Alituona, akaketi chini palepale mlangoni mwa kanisa. Baadaye alipouliza mambo yalivyokuwa, Achieng ndiye aliyemwambia bila kujua anasema nini: unga wao na kiroba cha maharage vilikuwa vimelowa, kwa sababu vilikuwa vimebaki sakafuni jikoni, na mama yake alikuwa kwetu anabeba vitunguu. Mama akainuka, akaenda alipoketi Mama Achieng kwenye giza la ukuta, akakaa karibu naye, bega kwa bega. Sikusikia walichosema. Niliona tu kwamba mama alikuwa ameingia mahali pa mtu bila kukaribishwa.

Tulikaa kanisani siku tisa. Magunia ya juu yalipona, ya chini yaliloa, na vitunguu vilivyoloa havingojei mtu. Mama aliwaomba vijana wavitoe, akavimwaga kwenye turubai nje ya kanisa, akasema yeyote achukue. Vilikaangwa na omena, dagaa wa ziwani, vilikaangwa na sukuma wiki, vilichemshwa peke yake na chumvi, vilitafunwa vibichi na ugali. Kanisa zima lilinuka kama nyumba yetu, na Achieng alinitania kwamba sasa sisi wote ni watoto wa Singida. Maji yaliporudi kwao tulirudi kusugua kuta. Mama alinunua matofali, akaja Mama Achieng kumwonyesha jinsi ya kuyapanga ili kitanda kisicheze. Sheria ya kutoingia nyumba za watu haikutajwa tena, wala haikufutwa. Ilikufa yenyewe tu. Desemba tulipokwenda Singida kusalimia, bibi aliwasimulia wenzake kwamba maji yalimfuata hadi kitandani siku ya jua kali, na kwamba kuna mji ambako mtu hunyeshewa na mvua ya wengine. Walicheka hadi wakalia. Hakuna aliyemwamini, naye hakujali.

Sasa hivi nyumba zile za udongo hazipo. Nyamasaria ina maghorofa, mitaro ya saruji, na vijana wanaopata taarifa za mvua ya milimani kwenye simu kabla wingu halijaonekana. Maji bado huja miaka mingine, lakini watu wengi hufunga mageti na kupanda ghorofani, na mimi mwenyewe, ninayeishi Kisian, upande wa pili wa Kisumu, siku hizi na watoto wawili, ninawafahamu majirani zangu zaidi kwa honi za magari yao kuliko kwa majina. Bibi alizikwa Singida. Mama amezeeka, na Kijaluo chake ni kizuri kuliko changu.

Achieng yuko Ulaya, katika mji mmoja wa baridi, anahudumia wazee. Mwezi uliopita alinipigia, na sauti yake haikuwa ile niliyoizoea. Aliniambia ana miezi minane katika jengo analoishi na hajui jina la mtu hata mmoja. "Jirani najua tu viatu zake," alisema. "Anaacha nje ya mlango. Wewe, nyinyi mlikuja kwetu hamjui mtu. Mlizoea aje?" Nilitaka kumpa jibu la maana. Lakini sisi hatukuwa tumefanya chochote. Tulikaa tu na vitunguu vyetu na adabu zetu, na mama yake akaingia bila hodi. Nikamwambia hivyo. Alicheka kidogo, akasema akiingia kwa mtu bila kubisha huko wataita polisi, tukaagana.

Jumapili iliyofuata alipiga tena. Alikuwa amekaanga mandazi, akajaza sahani, akabisha kwenye ule mlango wa viatu. Mzee mmoja alifungua, akamtazama, akatazama mandazi, akapokea sahani kwa mikono miwili, akafunga mlango.

"Halafu?" nilimuuliza.

"Halafu nini? Nimekaa hapa nangoja sahani yangu."